Javeli Tuliyoipika kwa Betri

Kwa miaka tisa nilifundisha jinsi umeme unavyoivunja chumvi iliyoyeyuka majini, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kuona hata povu moja likipanda. Shule yetu hapa Bunia, mashariki mwa Kongo, ilikuwa na ubao, chaki, na kabati la mbao lenye kufuli kubwa. Ndani ya kabati mlikuwa na chupa tatu tupu na mizani iliyovunjika mkono mmoja. Kwa hiyo nilichora. Nilichora beseni, nikachora vijiti viwili, nikachora betri kwa mistari miwili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, nikaandika mlinganyo wake chini, na wanafunzi wakanakili. Siku ya mtihani walinirudishia mchoro uleule nami nikawapa alama.

Sikuona aibu. Mwalimu aliyenifundisha chuoni alituambia kwamba kuna kemia mbili. Moja huuliza kitu ni nini na kwa nini kiko hivyo kilivyo. Hiyo ndiyo kemia halisi. Nyingine huuliza kitu hicho kitamfaa nani, na hiyo ni kemia tumizi, ya watu wa viwanda, wa rangi, wa bia na wa sabuni. Neno "sabuni" alilitamka kama mtu anayemtaja shangazi aliyeolewa vibaya. Nami, binti wa karani wa mjini, nilipenda kuhesabiwa upande wa heshima.

Halafu vita ikatufikia. Shule zilifungwa, na madarasa yetu yakajaa wadeplase. Ndivyo tulivyowaita watu waliokimbia vijiji vyao na kuja kulala popote palipo na paa. Kila asubuhi bado nilitembea hadi shuleni, kwa kuwa miguu ilikuwa imezoea njia hiyo. Nilikuta akina mama wakipika kando ya ukuta wa darasa langu, na mikungu ya ndizi imening'inizwa kwenye misumari ya ramani. Mmoja wao aliniomba ruhusa ya kupangusa ubao, kana kwamba ubao ulikuwa mali yangu. Nikamwambia pangusa, mama.

Wakati huo niliishi mtaa wa Nyakasanza na dada yangu mkubwa, katika nyumba aliyotuachia baba. Yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa huku kwetu, alikuwa mwuguzi, naye ndiye aliyebaki akiongoza kituo kidogo cha afya cha mtaani baada ya wenzake kuondoka. Yeye hakuwa mtu wa maneno mengi. Alifua koti lake jeupe kila jioni, akalianika ndani ili lisiibiwe, na kesho yake alilivaa hata likiwa bado na unyevu.

Mchana mmoja alirudi kula, akanawa mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida, akakaa bila kugusa ugali.

"Javeli imeisha," akasema. "Chupa moja tu njo imebakia."

Javeli ni ile dawa kali ya kung'arisha nguo, na yeye aliitumia kidogo kidogo kusafishia maji ya kunywa. Ilikuwa ikitoka Uganda, ikivuka ziwa hadi Kasenyi, kisha ikipandishwa mlima kwa lori. Sasa barabara ya Kasenyi ilikuwa imefungwa. Na wadeplase wote wa shule walikuwa wakichota maji ya chemchemi moja, ile ya bondeni, ambayo mvua ilikuwa ikiiteremshia kila uchafu. Watu walikuwa wakiharisha damu.

"Asubuhi hii nimefunga macho ya mutoto wa miaka mbili," yaya akasema, kwa sauti ileile ya kawaida. Kisha akanitazama. "Weye njo mwalimu wa shimi. Javeli inatokaka mu nini?"

"Mu chumvi," nikamjibu. "Chumvi, maji na umeme."

"Chumvi iko. Maji iko. Umeme tutatafuta. Fanya basi."

"Yaya, mi ninafundishaka shimi halisi. Ile ya kufanya vitu ni ya wengine."

"Kama yako njo ya halisi," akasema, "mi naona ile ya wengine njo ingeshindwa, si yako."

Nilimaliza kula, nikatoka kutafuta umeme.

Karibu na soko la mtaani palikuwa na fundi betri. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini hivi, Mwislamu, mwenye kofia ya kufumwa na vidole vilivyoungua kwa asidi. Alikuwa ameishi zaidi ya nusu ya maisha yake katika miji ya dhahabu, akiwachajia wachimbaji betri za taa na za radio, na mapigano yalipofika huko alipakia betri tano na paneli mbili za jua juu ya baiskeli, akaisukuma hadi Bunia. Nilimweleza ninachotaka. Akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Betri yangu haitokake bila miye," akasema. "Inaenda na baba yake."

Ndivyo alivyokuja kwetu siku ya kwanza, yeye na betri yake, na paneli moja kichwani.

Chumvi tuliipata kwa jirani, mama mmoja wa kutoka Butembo aliyekuwa akifanya biashara ya samaki. Alikuwa na gunia zima la chumvi ya mawe kwa ajili ya kukaushia samaki wa ziwani, lakini samaki walikuwa chini Kasenyi na yeye alikuwa juu Nyakasanza. "Chukueni," alisema. "Inanitazama tu kila siku."

Nilijaza ndoo maji, nikakoroga chumvi, nikachukua misumari miwili mirefu. Nilikuwa nimevaa sketi yangu ya kufundishia. Sijui kwa nini. Fundi aliunga nyaya. Mapovu yakaanza upande mmoja. Lakini baada ya dakika chache maji yakawa ya manjano, kisha ya kahawia, kisha mazito kama matope ya barabarani. Msumari mmoja ulikonda machoni petu.

Yaya alirudi saa kumi, akachungulia ndoo.

"Hii njo javeli, ao njo supu ya misumari?"

Fundi ndiye aliyecheka kwanza, kisha akajizuia kwa ajili yangu. Yaya alipoingia ndani, fundi akasogea karibu na ndoo.

"Madame, unisamehe. Misumari inakuliwa. Mu kazi yangu, chuma yote inakuliwa. Lakini mu betri ndogo ya radio, katikati, iko kijiti cheusi. Kile, hata ukiacha mwaka mu asidi, hakikuliwake."

Kijiti cheusi, yaani kaboni. Kila mwaka, kwa miaka tisa, nilikuwa nimeandika ubaoni kwa mkono wangu kwamba vijiti lazima viwe vya kitu kisicholiwa, nikapiga mstari chini ya maneno hayo, nikawaonya wanafunzi kwamba swali hilo hutoka mtihanini. Nilikuwa nayajua. Lakini nilipohitaji vijiti, mkono ulikwenda kwenye misumari, kwa sababu misumari ndiyo iliyokuwepo na yale maneno yalikaa ubaoni tu. Hayakuwa yameshuka hadi mikononi.

Siku mbili tulikusanya betri za radio zilizokufa. Mtaa mzima ulikuwa nazo, kwa kuwa kila mtu alikuwa akisikiliza habari. Tulizipasua uani, tukazitoa vijiti vyake, tukavisugua kwa mchanga mpaka viganja vyetu vikawa kama vya wauza makaa. Fundi alifunga vijiti vinne pamoja kwa waya wa shaba upande huu, vinne upande ule, kisha akayeyusha mshumaa na kufunika maungio kwa nta.

"Ya nini hiyo nta?" nikamuuliza.

"Waya ikikunywa maji ya chumvi inakuwa kijani, inakatika. Sijue juu ya nini. Najua tu inakatika."

Nilijua kwa nini. Yeye alijua tu kwamba inakatika. Nikamshikia mshumaa.

Tuliiweka ndoo nje chini ya upenu, maana fundi alikataa katakata tupike ndani. Alishawahi kuona chumba cha betri kikipasuka kwa sababu ya mtu mmoja na sigara yake. Akaunga waya wa mwisho. Mapovu yakatoka, madogo, meupe, yakipanda kama uzi. Safari hii maji hayakubadilika rangi. Tulikaa kwenye vigoda tukiyatazama karibu saa nzima, watu wazima wawili wanaoangalia ndoo. Kisha upepo ukageuka na harufu ikanijia usoni, ile harufu ya mashuka ya hospitali, na machozi yakanitoka. Baadaye nilimwambia yaya kwamba ilikuwa gesi iliyonichoma macho. Ilikuwa gesi pia.

Jirani yetu wa samaki alikuja kuangalia, akainama sana, na ncha ya kitenge chake ikagusa ndoo. Kesho yake ncha hiyo ilikuwa na doa jeupe la ukubwa wa kiganja. Alikuja kunionyesha, nikadhani amekuja kugomba. "Inafanya kazi!" alisema, na akazunguka mtaa mzima akiwaonyesha watu kitenge chake kilichoharibika.

Lakini yaya hakushangilia. Alinusa chupa ya kwanza, akaiweka mezani.

"Vijiko ngapi kwa bido moja?"

Bido ni ule mtungi wa plastiki wa lita ishirini ambao kila nyumba ya Bunia huchotea maji. Nikamwambia sijui.

"Fundi?"

Fundi akanusa, akasema ni kali, tena kali ya kutosha.

"Ya kutosha haiko dozi," yaya akasema. "Nikitia kidogo, batu wanakufa na ile sumu ya zamani. Nikitia mingi, nawaumiza na ile ya mupya. Muniambie vijiko."

Hapo, kwa mara ya kwanza tangu vita kuanza, nilijua kwamba kuna jambo ambalo mimi peke yangu katika ua ule naliweza. Ilikuwa imebaki chupa moja ya javeli ya kiwandani, na nguvu yake ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi yake. Nami nilikuwa na chupa ya wino mwekundu wa kusahihishia. Nilichukua kijiko kimoja cha javeli ya kiwandani, nikaipunguza kwa maji kwa kipimo, nikaanza kuidondoshea wino kwa bomba la sindano alilonipa yaya. Tone likaanguka jekundu, likafifia, likapotea. La pili, likapotea. Niliendelea kuhesabu mpaka tone moja lilipokataa kupotea na maji yakabaki ya waridi. Kisha nikafanya vilevile kwa javeli yetu, nikalinganisha idadi ya matone. Nilirudia mara nne. Hesabu niliifanya nyuma ya daftari la mahudhurio ya darasa la tano.

"Kijiko kikubwa kimoja na nusu," nikamwambia yaya, "halafu mungoje nusu saa. Lakini kila ndoo tutakayopika nitaipima upya, juu ya jua, haliko sawa kila siku."

Tulizibeba chupa hadi kituoni, na yaya akaandika kipimo ukutani kwa kaa la moto lililozimika. Akatazama wino ukipotea kwenye kikombe, mara moja, kisha akasema neno ambalo kwake lilikuwa sifa kubwa. "Bon."

Fundi alibaki na kikombe. Alidondosha tone lake mwenyewe, akalitazama likitoweka.

"Imeenda wapi?" akauliza.

"Nini?"

"Rangi. Kitu hakiwezi kuenda tu."

Nilimwambia nitamweleza siku nyingine, kwa kuwa akina mama walikuwa wamepanga foleni na mabido yao hadi barabarani.

Siku za mwanzo watu walilalamika. Maji yalinuka, na bibi mmoja alisema anaogopa tumbo lake litakuwa jeupe kama kitenge cha jirani yetu. Yaya alikunywa kikombe kizima mbele ya wote, akapangusa mdomo, akaendelea na kazi. Baada ya wiki kadhaa wagonjwa wa kuharisha walipungua. Sisemi ilikuwa javeli peke yake. Yaya alikuwa pia amewachimbisha vyoo vipya na kuwasimamia akina baba mpaka shimo la mwisho. Lakini asubuhi moja alirudi nyumbani saa tano kunywa chai, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi, akavua viatu, akanyoosha miguu juani. Nilimwongezea sukari.

Ukinitaka nieleze vita, nitakuwa na mambo machache ya kusema, maana wakati mwingi tulikuwa ndani ya ua tukipika chumvi. Milio ya risasi ilitujia kama mvua ya mtaa mwingine, na ikisogea karibu tuliingia ndani, tukalala sakafuni, kisha tukatoka kuangalia kama ndoo imetoboka. Mara moja tu vita yenyewe iliingia uani petu.

Ilikuwa adhuhuri. Wanaume wawili wenye bunduki walisukuma lango. Sitasema walikuwa wa upande gani. Wakati ule mji ulikuwa wa huyu leo na wa yule kesho, na tulijifunza kutouliza. Mmoja, mrefu, mwenye ndevu, akaonyesha paneli na nyaya kwa mtutu.

"Phonie hii. Munaita nani?"

Phonie ni radio ya kuzungumzia na watu wa mbali, na mtu aliyekutwa nayo bila ruhusa alikuwa na shida kubwa.

"Haiko phonie, kaka," nikasema. "Ni dawa ya maji. Ya wagonjwa ya ku kituo."

"Onyesha."

Kitu pekee nilichoweza kufikiria ni wino. Nikachota kikombe, nikadondosha tone. Likapotea. Yule mwenye ndevu akainama.

"Rudilia."

Nikarudia. Akaninyang'anya bomba la sindano, akaweka bunduki begani, akadondosha mwenyewe, na uso wake ukafunguka kabisa, kama uso wa mwanafunzi wa darasa la tatu. Alitia matone saba. Mwenzake hakupendezwa. Alizunguka ua, akapima kwa macho betri zetu mbili, mpya ya siku ya kwanza na kuukuu ambayo fundi aliiongeza baadaye, akaing'oa ile mpya kwenye nyaya zake, akaitupia begani, akaondoka nayo. Yule wa ndevu alimfuata, akasita langoni.

"Mutu akikunywa, haiue?"

"Kidogo, haiue. Kijiko moja na nusu kwa bido. Kisha nusu saa."

"Moja na nusu. Nusu saa," akasema. Nikampa chupa, akaenda nayo.

Fundi, aliyekuwa amesimama kando ya ndoo muda wote huo, aliketi kwenye kigoda. Kati ya betri zake tano, ile mpya ndiyo iliyokuwa riziki yake. Tulikaa hadi kuku walipoanza kutembea tena.

"Wamebeba ile ya nguvu," akasema mwishowe. "Inabakia ya muzee. Ya muzee haina haraka, lakini haina hasira." Akainuka, akaunga nyaya.

Tangu siku hiyo ndoo ilichukua muda mara mbili zaidi, na kwa kuwa tulikuwa tukikaa muda mrefu zaidi kuitazama, fundi aliona jambo ambalo mimi sikuliona.

"Madame, upande ya moins inatoa mapovu mingi. Upande ya plus inatoa kidogo sana. Juu ya nini?"

"Haiwezekani," nikamwambia. "Ni sawasawa. Mlinganyo unasema hivyo. Kila gesi moja ya huku, moja ya kule."

"Mi sijue mlinganyo. Mi naangalia."

Nikainama, nikaangalia. Ilikuwa kweli. Upande wa hasi mapovu yalipanda kwa wingi kama maji yanayoanza kuchemka. Upande wa chanya yalikuwa machache, ya kujikokota. Nilikuwa nimeketi mbele ya ndoo ile wiki nyingi, na macho yangu yalikuwa yameona kile ambacho mlinganyo uliniambia nione.

Jambo hilo lilinikera siku tatu. Nililifikiria nikipepeta mchele, nililifikiria nikifua. Siku ya tatu, nikichuja javeli kwa kitambaa ili kuondoa unga mweusi wa vijiti, nikasimama ghafla na kitambaa mkononi. Nilimwita fundi kwa sauti hata jirani yetu akatoka nje akidhani tumevamiwa.

"Papa! Papa, njoo! Mapovu yaliyopotea!"

"Yako wapi?"

"Njo hii!" Nikainua chupa. "Gesi ya upande wa plus haipandi yote. Inayeyuka mu maji, inashikana na ile soda kali inayotokea upande wa pili, na hapo inakuwa javeli. Yale mapovu ambayo hatuyaone, njo tunayowapatia wagonjwa. Kama yangekuwa sawasawa, ndoo ingekuwa ya bure."

Alichukua chupa, akaishika juani. "Kumbe," alisema taratibu, "kile hakionekane njo kazi yenyewe." Kisha akaanza kucheka, nami nikacheka, na yaya alipofika alitukuta hivyo akauliza kama tumevuta ile gesi.

Nimefundisha miaka mingi tangu wakati ule, lakini furaha kama ya siku hiyo nimeipata mara chache. Javeli haikuongezeka hata tone. Hakuna mgonjwa aliyepona kwa sababu tulijua. Tulijua tu.

Baadaye askari wa kigeni walikuja, na nyuma yao malori ya misaada yenye madumu ya klorini ya unga, nyeupe, iliyopimwa, na kila dumu lina kijiko chake. Yaya aliipokea siku hiyohiyo na kuisimamisha javeli yetu bila sherehe. Ninakiri kwamba niliona wivu kidogo kwa jioni moja. Kisha nikamwona akilala kitandani saa mbili usiku kama watu wengine, na wivu ukaniisha.

Wadeplase walianza kurudi makwao, waliokuwa na makwao. Shule ikafunguliwa. Nikapeleka ndoo na vijiti darasani, na tangu hapo sijafundisha somo lile kwa mchoro.

Nilidhani fundi angekuwa na shughuli zake sasa. Lakini alasiri moja alitokea langoni, amevaa shati lililopigwa pasi, na daftari jipya chini ya kwapa.

"Uliniambia utanielezea rangi inaendaka wapi," akasema.

Akaanza kuja mara mbili kwa wiki. Aliacha shule akiwa darasa la nne la msingi, na kalamu aliishika kama bisibisi. Tulianza na vitu vidogo kabisa vinavyojenga vitu vyote, kisha jinsi vinavyoshikana. Kusawazisha milinganyo kulimpendeza kupita kiasi. Alipenda kwamba kila kilichoingia upande huu lazima kitokee upande ule, na akikosea alisonya kama mtu aliyepoteza bisibisi yake. Yaya alitukuta mezani, akaweka chai, akasema mwalimu na mwanafunzi wamebadilishana viti, kwa kuwa wakati huo mimi nilikuwa nimejaza jikoni sabuni zangu za mafuta ya mawese, zilizopinda pinda, nikitafuta kipimo sahihi cha soda.

Siku moja aliuliza habari ya dhahabu.

"Miaka makumi tatu niko mu miji ya dhahabu. Niliona batu wanauana juu yake. Lakini sijawahi kuuliza. Chuma inakuliwa, shaba inakuliwa, risasi inakuliwa pole pole. Dhahabu, juu ya nini haikuliwake?"

Nilimweleza nilichokijua, kwamba dhahabu hushikilia sana kilicho chake na haioni haja ya kupokea cha wengine. Akauliza kwa nini hushikilia. Nikaeleza hatua moja zaidi. Akauliza kwa nini hiyo nayo. Nikafungua kitabu changu kikubwa cha chuo, tukasoma pamoja, mimi nikifasiri, mpaka ukurasa ukaisha.

"Na hapo juu ya nini?"

"Hapo kitabu changu kinanyamaza, papa. Wako wanaojua zaidi yangu."

Alipendezwa sana na jibu hilo. Akaandika katika daftari lake, kwa herufi kubwa, swali hilo la mwisho, akaacha kurasa mbili wazi chini yake.

"Papa," nikamwuliza, "haya yote yatakusaidia mu kazi?"

Alifikiri kwa uaminifu, kama alivyofikiri juu ya kila kitu.

"Hapana, haisaidie kitu. Betri inachajiwa vilevile." Akanywa chai. "Lakini nikiwa naungoja umeme, sasa niko na kitu ya kufikiria."

Alikuja hivyo karibu miaka miwili. Barabara ya miji ya dhahabu ilipofunguka hakurudi huko. Alifungua duka la betri na paneli hapahapa, na mke wake akamfuata. Siku hizi macho yake yamepungua nguvu, na milinganyo anaifanya kwa mdomo, akiwa ameketi mbele ya duka, mimi nikisimama na kapu langu la sokoni. Juma lililopita nilimpa mmoja mgumu kidogo. Nilikuwa nimeshafika kwa muuza nyanya niliposikia ananiita kwa nguvu kutoka ng'ambo ya barabara, akitaja namba.

Alikuwa amekosea moja. Nikamwambia. Akasonya, akaomba muda hadi kesho.